Mzigo Mmoja, Tuta Moja: Maneno Kuhusu Alizeti Pori

Haya ni maneno niliyowaambia wakulima wa mboga katika siku ya shamba huku magharibi mwa Kenya, si mbali na Maseno. Nimeyaandika karibu kama yalivyosemwa. Nimepunguza salamu na pale ambapo mvua juu ya mabati ilitunyamazisha sote.

Mzee chifu msaidizi, wazee wa mtaa, akina mama wa vyama vya mboga, vijana mliosimama kule mlangoni mkijifanya mnapita tu: hamjambo? Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie mbolea, na sikuja na gunia. Nimekuja na panga, kwa sababu mbolea yenyewe iko hapo nje. Geukeni mwone. Ule mmea wa maua ya njano, mrefu kumpita mtu, umeshika kingo zote za barabara kutoka Kisumu mpaka huku. Wengine mnauita alizeti pori, wengine maua machungu, watafiti wanauita tithonia. Mama aliyetupikia chai asubuhi ameniambia kwake huo ni kuni za kuwashia moto, na hakukosea, mashina yakikauka yanawaka vizuri.

Nina jambo moja la kusema, mengine yote yatalifuata. Majani ya alizeti pori ni mbolea ya kweli, lakini si mbolea ya bure. Anayewaambia ni ya bure hajawahi kuyabeba kichwani.

Kwanza tuujue mmea wenyewe. Si wa hapa. Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati, na uliletwa Afrika kama ua la bustani. Watu waliupenda kwa uzuri, ukatoka bustanini, ukaingia kando ya njia, kingo za mito na mashamba yaliyoachwa. Ni wa ukoo wa alizeti. Ukoo huo ni mkubwa ajabu na una ndugu wasiofanana tabia: alizeti tunayokamua mafuta, pareto ya Kisii na Nakuru, saladi ya mjini, hata kile kishona nguo kinachong'ang'ania suruali ukitoka shambani. Ukichuma ua moja la alizeti pori na kulipasua, utaona hapo katikati limejaa vijiua vidogo vingi, kila kimoja na mbegu yake. Zile ndimi za njano za pembeni hazizai mbegu, kazi yake ni kuita nyuki. Kwa hiyo kichwa kimoja kikikomaa kinamwaga mbegu nyingi, nyepesi, zinazobebwa na upepo, maji ya mvua, kwato za ng'ombe na matope ya viatu vyetu. Kumbukeni hilo, nitalirudia nikifika kwenye kukata.

Sasa mbolea. Katika miaka ya 1990 watafiti walikuja hapa Maseno na vijiji vya jirani: wale wa kituo cha kimataifa cha kilimo mseto, ICRAF, pamoja na wenzao wa KARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ambayo leo ni KALRO, na wa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu. Walikuta mashamba madogo, watu wengi, na udongo uliochoka. Walikuta pia kwamba wakulima wana mmea huu kwenye mipaka yao na wanaukata tu ili usiingie shambani. Wakapima virutubisho vya majani yake. Wastani waliopata katika majani mabichi, ukiyahesabu yakiwa makavu, ni naitrojeni asilimia 3.5, fosforasi asilimia 0.37 na potasiamu asilimia 4.1.

Najua asilimia hazishibishi mtu, kwa hiyo tuzigeuze ziwe kilo. Tani moja ya majani makavu ina naitrojeni kilo 35. Gunia la urea la kilo 50 lina kilo 23. Tani hiyo basi inalipita gunia moja la urea, inafika gunia moja na nusu, na juu yake inakupa potasiamu kilo 41, ambayo wengi wenu hamjawahi kuinunua maishani. Katika majaribio mengine mahindi yaliyowekewa majani haya yalizaa kuliko yale yaliyopewa mbolea ya dukani yenye kiasi kilekile cha virutubisho. Ndiyo maana habari ilienea haraka, kila semina ikawa tithonia, tithonia.

Lakini ngojeni. Nimesema tani ya majani makavu. Nani kati yenu hukata majani makavu? Unakata mabichi, na mabichi ni maji. Chukulia sehemu moja kwa tano ndiyo jani lenyewe, nne ni maji. Kiasi kilichotumika sana katika majaribio kilikuwa tani 5 za majani makavu kwa hekta, yaani tani 2 kwa ekari. Mabichi ni tani 10 kwa ekari. Mzigo wa mama kichwani tuuhesabu kilo 25. Akina mama, nisaidieni: tani 10 ni mizigo mingapi?

(Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele alipiga hesabu upesi kuliko mimi: “Mia nne!” Ukumbi ukacheka, kisha ukanyamaza.)

Mia nne. Kukata, kufunga, kubeba, kufungua, kukatakata, kutawanya na kufukia, mara mia nne, kwa ekari moja ya mahindi ambayo ukivuna utauza gunia kwa bei anayoitaka mnunuzi. Na mtu anayebeba hiyo mizigo tunamjua. Hayupo kwenye meza ya wageni. Hesabu ya hekta inapendeza kwenye ripoti, shingo haihesabu kwa hekta.

Kwa hiyo mimi siwashauri mweke alizeti pori kwenye mahindi ya ekari nzima. Nasema hivyo nikijua wapo maafisa wa kilimo wenzangu ambao bado wanashauri hivyo. Sasa chukueni hesabu ileile mwipeleke kwenye tuta la mboga. Tuta la upana wa mita moja na urefu wa mita kumi linahitaji kilo 25 za majani mabichi. Huo ni mzigo mmoja. Mzigo mmoja, tuta moja. Sukuma wiki ya tuta hilo utaichuma kila wiki kwa miezi, managu na saga, mboga zetu za kienyeji, zitakupa pesa ya chumvi na ya karo kabla mahindi hayajatoa ndevu. Hata waliofanya hesabu za faida huku magharibi waliona hivyo: kazi ya kukata na kubeba inalipwa na mboga, mara nyingi hailipwi na mahindi.

Kijana mmoja hapa amenong'ona, nimemsikia, kwamba si bora kununua urea kidogo. Swali halali, tusilikwepe. Mzigo wako mmoja wa kilo 25 una kilo 5 za jani kavu, na ndani yake naitrojeni gramu 175. Ukitaka naitrojeni hiyo kutoka dukani utanunua urea isiyofika gramu 400. Ndiyo, chini ya nusu kilo. Mwenye pesa mfukoni mwezi wa tatu, karo ikiwa imelipwa, asione haya kununua. Lakini urea ni naitrojeni peke yake. Mzigo huo una potasiamu ya zaidi ya gramu 200, na una kitu ambacho hakiuzwi kwenye gunia, nayo ni chakula cha udongo wenyewe. Nyungunyungu, kuvu na vijidudu tusivyoviona vinaishi kwa majani yanayooza. Ukiweka DAP tupu, ile mbolea ya dukani yenye naitrojeni na fosforasi, mwaka baada ya mwaka, udongo unazidi kuwa na asidi na kugandamana, na nyote mmeona jembe linavyoruka.

Hapo kwenye fosforasi nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo shida ya udongo wetu ilipo. Udongo mwekundu wa huku una chuma na alumini nyingi. Vitu hivyo vinashika fosforasi na kuikataa isitoke, hivyo unaweka mbolea na mmea hauipati. Dalili mnaijua: mahindi machanga yanageuka zambarau kwenye kingo za majani, yanadumaa, na jirani anasema umerogwa. Majani ya alizeti pori yakioza yanatoa vitu vinavyokalia zile sehemu za udongo zinazoshika fosforasi, na kwa muda fulani fosforasi inabaki huru kwa mizizi. Na yanaoza upesi sana. Yafukie udongo ukiwa na unyevu, rudi baada ya wiki mbili, utayatafuta usiyaone.

Sasa swali ambalo hamjaniuliza: hiyo fosforasi jani liliitoa wapi? Maharagwe yanaweza kupata naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa bakteria wa mizizini. Alizeti pori haifanyi hivyo, si jamii ya kunde. Naitrojeni yake, fosforasi yake, vyote imevichota ardhini. Mizizi yake mingi, ikisaidiwa na kuvu wanaoishi nayo, inapekua vizuri kuliko mahindi, lakini haiumbi kitu. Ukikata kwenye mpaka wako ukaweka kwenye tuta lako, umetoa mfuko huu umetia mfuko ule. Ukikata kando ya barabara umechukua ya barabara, sawa, lakini nayo ina mwisho, na jirani naye ana panga. Ukikata mahali pamoja mfululizo bila kurudisha chochote, miaka ikipita utaona vichipukizi vinakuwa vyembamba na majani yanapauka.

Na tazameni udogo wa fosforasi yenyewe. Katika mzigo mmoja ni gramu 18 hivi, sawa na gramu 90 za DAP. Udongo wenye njaa kubwa ya fosforasi hautashiba hapo. Dawa ni kuchanganya. Majani kwa ajili ya naitrojeni na potasiamu, na konzi ya mbolea ya fosforasi juu yake. Si lazima iwe DAP. Jirani zetu Watanzania wana mawe ya fosfati yanayochimbwa Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, yanayosagwa na kuuzwa kama mbolea, na yalijaribiwa hukuhuku pamoja na tithonia. Mawe hayo huyeyuka polepole, na udongo wenye asidi kama wetu ndio unaoyayeyusha. Kwa hiyo asidi ambayo tunaililia, hapo inafanya kazi.

Tuje kwenye panga. Kata vichwa laini na majani. Shina gumu liache. Shina gumu lina virutubisho vichache, na likifukiwa linawapa vijidudu kazi ya kula mti, wanaanza kukopa naitrojeni ya udongo na mboga zako zinapata manjano. La pili ni baya zaidi: kipande cha shina kikilala kwenye udongo wenye unyevu kinachipua. Utakuwa umepanda alizeti pori katikati ya sukuma wiki kwa mikono yako. Kata kwenye kimo cha goti ili kisiki kichipue tena. Na kata kabla ya maua, au angalau kabla maua hayajakauka. Jani la kabla ya ua lina nguvu zaidi, na zile mbegu nilizosema mwanzo hazitaingia tutani. Nikiona mtu anafukia vichwa vilivyokauka shambani mwake, najua msimu ujao ataniita kuniuliza kuhusu dawa ya magugu.

Katakata vipande vya kidole, tawanya, fukia kina cha kiganja, ngoja kama wiki moja kisha pandikiza miche. Usipandikize siku hiyohiyo. Majani yanapooza yanapata joto na mche mchanga utateseka. Anayetaka ya maji ajaze majani kwenye gunia, alizamishe kwenye pipa la maji, akoroge kila baada ya siku chache, na baada ya wiki mbili aizimue mpaka ifanane na chai hafifu ndipo amwagilie shinani. Harufu yake sitaielezea, mtaijua wenyewe. Weka pipa mbali na jikoni kama unapenda amani nyumbani.

Mmeniuliza tangu asubuhi habari za wadudu. Uchungu wa jani hili ndio ulinzi wake, na ukoo huu wa alizeti ni hodari kwa kemikali za namna hiyo, ndugu yake pareto anauzwa dunia nzima kwa sababu ya dawa ya wadudu. Watafiti wa kaskazini mwa Tanzania, wakiwemo wa taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, wameyajaribu majani ya alizeti pori kwenye maharagwe pamoja na mimea mingine, ukiwemo utupa. Majani hukaushwa kivulini, husagwa, hulowekwa usiku kwenye maji yenye sabuni kidogo, huchujwa na kunyunyizwa. Wadudu waharibifu walipungua, na wadudu wema, wale wanaokula vidukari, waliumia kidogo kuliko kwa dawa ya viwandani. Usitegemee wadudu waanguke hapohapo kama ulivyozoea. Inabidi urudierudie kunyunyiza, hasa mvua ikinyesha.

Sasa jambo linalonifanya nipandishe sauti. Najua kuna nyumba hapa ambamo majani haya huchemshwa na kunywewa kwa malaria na kwa tumbo. Wala si ujinga: katika maabara, kiini kimoja cha majani haya kiitwacho tagitinini C kimeonekana kuua vijidudu vya malaria. Lakini kiini hichohicho kinaua chembe hai nyingine pia, na panya waliopewa dawa ya majani haya wameonekana kudhurika figo na ini. Kuna ndugu mwingine katika ukoo huu, artemisia ya China, ndiye aliyetupa dawa ya malaria mnayopewa zahanati leo, na mwanasayansi Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini ile ni dawa iliyotolewa ndani ya mmea, ikapimwa, ikagawanywa vidonge kwa uzito wa mtu. Sufuria haina mizani. Mtoto akipata homa apelekwe zahanati apimwe damu, usiku huohuo. Mama mjamzito asiyaguse kabisa majani haya kwa kunywa. Hapo sina mjadala.

(Baada ya hapo yalikuja maswali. Naandika matatu tu.)

Mama mmoja aliuliza kama mbuzi anaweza kula. Mbuzi hula, hasa akizoeshwa, ukiyachanganya na nyasi na kuyaacha yanyauke kwanza. Ng'ombe husita zaidi, na usimlazimishe. Ukiwa na mbuzi wa maziwa, mimi ningepitisha majani kwa mbuzi kwanza: utapata maziwa, kisha samadi, na samadi inabebeka kuliko majani mabichi.

Kijana mmoja, mmoja wa wale wa mlangoni, akasema kwamba ameona kwenye simu mmea huu umeorodheshwa miongoni mwa mimea vamizi, sasa mbona nawafundisha watu kuupanda. Nilifurahi aliposema hivyo. Ni kweli ni mmea vamizi katika Afrika Mashariki. Ukiingia kwenye ardhi iliyolimwa ikaachwa, au ukingo wa msitu, unasimama kichaka kimoja na chini yake hakioti kitu cha maana. Huku kwetu panga na uhaba wa ardhi vimeubana. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: palipo nao, ukate na kuutumia. Pasipo nao, kwa mfano kando ya msitu wa Kakamega au kwa shemeji yako anayekaa sehemu yenye mapori wazi, usipeleke hata kijiti kimoja. Na hapa penyewe, anayetaka kuuongeza aupande kwenye kingo za fanya juu, yale matuta ya kuzuia mmomonyoko, ambapo pia utashika udongo, akiacha nafasi kati yake na mahindi kwa sababu mizizi yake ni milafi. Vijiti vya shina lililokomaa, urefu wa mkono mpaka kiwiko, vichomekwe kwa kuinamisha mvua za masika zikianza. Msimu huo wote usikate, acha ushike.

Wa mwisho alikuwa mzee mmoja, na ndiye aliyenisikiliza vizuri kuliko wote. Akasema: “Mwalimu, umesema tunatoa mfuko huu tunatia mfuko ule. Basi huo mfuko wa kwanza tuujaze na nini?” Nikamwambia: majivu ya jikoni, kwa sababu yana potasiamu na yanapunguza asidi, maganda na mabaki ya mboga ambayo mbuzi hakuyataka, na ile konzi ya fosfati, uigawe, nusu tutani, nusu chini ya ukingo. Fosforasi ikitiwa pale chini ya alizeti pori, mizizi yake itaipandisha kwenye majani, na majani utayarudisha tutani. Akauliza majivu kiasi gani. Nikamwambia debe moja kwa hatua kumi za ukingo kila mwaka linatosha kuanzia, na ayatawanye mbali na shina, yasirundikwe. Akaandika kwenye karatasi ya sigara, akaikunja, akauliza debe la kilo ngapi.

Nikamwambia debe la mahindi, mzee, lile la kawaida, na majivu yasiwe ya mkaa uliowashwa kwa plastiki.